Kulinda himaya inayomeguka: je, Barbarian Invasion inafaa kununuliwa?

Nyongeza ya gemu ya vita hulipa pale inapokubadilishia swali. Gemu mama ya Rome: Total War, iliyotoka mwaka 2004, ina swali moja tangu zamu ya kwanza: utateka miji mingapi, na kwa haraka gani? Unaanza mwaka 270 KK ukiwa na vijiji vichache vya Italia, na umepewa hadi mwaka 14 BK kufikisha majimbo 50 na kuikalia Roma yenyewe. Waliozoea kuicheza wanajua hasa inapochosha. Ukivuka majimbo ishirini na kitu, hazina inafurika, majeshi yako hayana mpinzani, na zamu zilizobaki ni za kufagia ramani tu.

Nyongeza yake, Barbarian Invasion ya mwaka 2005, inakuja na swali jingine: utabaki na nini? Kampeni inafunguka mwaka 363 BK, himaya imeshagawanywa Magharibi na Mashariki, na inaendelea hadi 476, mwaka ambao Odoaker alimwondoa madarakani Romulo Augustulo, mfalme wa mwisho wa Magharibi. Wanahistoria watagundua kwamba mgawanyo umewekwa mapema kidogo, maana mfalme Valentiniano alimkabidhi ndugu yake Valens upande wa Mashariki mwaka 364, na mgawanyo wa kudumu ulikuja 395 baada ya kifo cha Theodosio. Kosa hilo halidhuru, kwa sababu mashaka ya zama zile yamewekwa humo yote: mipaka mirefu, hazina tupu, dini zinazogombana ndani ya mji mmoja, na majenerali wasioaminika. Baraza la Seneti na familia tatu za Kirumi hazipo tena. Hakuna anayekutuma kazi wala kukupa zawadi.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, inafaa. Lakini inafaa kwa mchezaji wa aina fulani, na ili umjue mchezaji huyo inabidi tuingie ndani ya zamu zenyewe.

Tuanze na Roma ya Magharibi, kwa kuwa hapo ndipo nyongeza hii inapojidhihirisha. Kwenye ramani unaonekana tajiri kuliko wote: Italia, Gallia, Hispania, Britania, Karthago. Wachezaji wengi wakiona hivyo hubonyeza kitufe cha kumaliza zamu wakaanza kujenga. Baada ya zamu chache hazina imeingia kwenye deni, na deni kwenye gemu hii lina adhabu kali: huwezi kuandikisha askari, huwezi kujenga, huwezi kukarabati. Mji wa kwanza unaasi, halafu wa pili.

Zamu ya kwanza ya Magharibi inastahili muda mrefu kuliko zamu kumi zinazofuata. Kabla hata ya kampeni kufunguka, kwenye ukurasa wa mipangilio, weka alama kwenye chaguo la kusimamia miji yote. Usipoiweka, mji usio na gavana unaendeshwa na kompyuta, na huwezi kugusa kodi yake. Magharibi ina miji mingi kuliko magavana, kwa hiyo bila chaguo hilo unakuwa mfalme wa nusu ya nchi yako.

Ukishaingia, fungua orodha ya miji na uipitie mmoja mmoja. Kuna jambo linalowapotosha wengi hapa. Miji mikubwa inaonekana inapata hasara, tarakimu nyekundu kabisa, na mtu anaweza kudhani Roma au Karthago inamla. Sivyo. Gemu inachukua gharama zote za kutunza majeshi, inazigawa kwa miji kulingana na idadi ya watu, kisha inaonyesha kilichobaki. Mji wenye watu wengi unabebeshwa fungu kubwa, hata kama hauna askari hata mmoja ndani. Kujua mji unaingiza nini, fungua ukurasa wake wa hesabu na utazame kodi, biashara na kilimo pekee yake. Utakuta mji ule "wenye hasara" ndio unaolisha jeshi la mpakani.

Tatizo basi liko kwenye jeshi lenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari la Magharibi linaanza na meli. Kila chombo kinalipiwa kila zamu, na katika miaka ya kwanza hakuna vita vya baharini vya maana. Bakiza vichache vya kuvusha watu, vingine vivunje. Kisha tazama askari ghali waliokaa ndani ya miji ya katikati. Utulivu wa mji hupimwa kwa idadi ya vichwa vya walinzi ukilinganisha na idadi ya wakazi. Ubora wa upanga hauingii kwenye hesabu hiyo. Kikosi cha wakulima wenye silaha duni kinatuliza mji sawa na kikosi cha askari bora wenye idadi ileile, kwa gharama ndogo zaidi. Peleka askari bora mpakani, kwenye mito ya Rhine na Danubi, ndani weka wakulima. Wanapoandikishwa, wakulima hao wanapunguza idadi ya watu wa mji, na mji wenye msongamano ukipungua kidogo unapumua.

Sasa dini. Nyongeza ina tatu: upagani, Ukristo na Uzoroasta. Miji ya Magharibi imechanganyika, na pale wakazi wanapokuwa wa dini tofauti na gavana wao pamoja na nyumba ya ibada iliyojengwa, ghasia huongezeka kila zamu. Dawa ni kuchagua dini moja kwa himaya nzima na kuifuata bila kurudi nyuma. Ukristo una manufaa kwa muda mrefu kwa sababu miji mingi tayari inaelekea huko, lakini mpagani mwenye msimamo anafika vilevile. Kinachoua ni kusitasita: kanisa hapa, hekalu pale, magavana wakihamishwa huku na huko bila kutazamwa imani yao.

Ili ujenge kanisa penye hekalu, lazima hekalu libomolewe kwanza. Kubomoa kunakupa fedha papo hapo, na hapo ndipo tamaa inapoponza watu: wanabomoa mahekalu yote zamu ya kwanza ili wajaze hazina. Hekalu lilikuwa linachangia utulivu, na mchango huo unaondoka siku hiyohiyo, ilhali kanisa linahitaji zamu kadhaa kukamilika na miaka zaidi kubadili watu. Katikati hapo mji hauna kitu. Utaratibu salama ni huu: ingiza wakulima wa kulinda kwanza, shusha kodi ya mji huo, mlete gavana wa dini unayoitaka, kisha bomoa, na kanisa liingie kwenye foleni ya ujenzi zamu hiyohiyo. Miji miwili au mitatu kwa wakati mmoja, isizidi.

Tazama kile kiuso kidogo kando ya jina la mji. Kikigeuka bluu, chukua hatua sasa. Kikiwa chekundu, chaguo lililobaki ni kushusha kodi hadi chini kabisa na kujaza watu, au kuukubali uasi. Kwenye gemu mama, wazoefu walikuwa wanatoa jeshi nje, wanauacha mji uasi, kisha wanauteka upya na kuutuliza kwa mabavu. Hapa mbinu hiyo ina hatari mpya. Mji wa Kirumi unaoasi unaweza kuzaa upande kamili wa waasi wa Magharibi, wenye bendera yao na hazina yao, na majenerali wako wenye uaminifu mdogo wanaweza kuhamia kwao pamoja na majeshi. Kwa hiyo kabla ya kuruhusu uasi popote, fungua karatasi za majenerali walio karibu na usome uaminifu wao. Asiye mwaminifu asikabidhiwe jeshi kubwa karibu na mji wenye ghasia. Mpe mji mdogo wenye utulivu, mbali na wenzake.

Ukivuka zamu ishirini za mwanzo bila deni, bila kupoteza Italia wala Karthago, umeshalipwa thamani ya nyongeza. Hakuna ushindi kwenye gemu mama unaotoa raha ya namna hiyo, ya kuona tarakimu ya hazina ikigeuka kutoka nyekundu kwa sababu ya hesabu zako.

Halafu wanakuja wahamaji.

Wahunni wanaanza kampeni hawana mji hata mmoja. Ni halaiki: majeshi kadhaa, familia na mifugo, yanatembea kuelekea magharibi bila kulipwa mshahara. Hilo ndilo wazo bora kuliko yote katika nyongeza hii. Taifa la wahamaji likipoteza mji wake wa mwisho halifi. Linageuka halaiki, askari wapya wanachipuka, na linaanza kutafuta pa kukaa. Wahunni wakiwapiga Wagothi, Wagothi wanakuja kwako. Ndivyo ilivyokuwa kihistoria: Wagothi waliovuka Danubi wakikimbia Wahunni mwaka 376 ndio waliomuua mfalme Valens huko Adrianopoli mwaka 378, na kiongozi wao Alariko akaingia Roma mwaka 410. Gemu haikuandikii matukio hayo kama hadithi. Imeweka kanuni, na kanuni zinazaa matukio yanayofanana nayo, kila kampeni kwa njia yake.

Kosa linalorudiwa na wageni ni kumaliza adui wa namna hiyo kwa pupa. Umewabana Wavandali, wamebaki na mji mmoja, jeshi lako moja liko langoni. Unauteka, na zamu inayofuata majeshi kadhaa yaliyojaa yamesimama kwenye jimbo lako. Kabla ya kuuchukua mji wa mwisho wa taifa la kuhama, jiulize una majeshi mangapi ndani ya mwendo wa zamu moja. Kama ni moja, acha mji huo. Taifa lenye kijiji kimoja maskini ni jirani wa kero. Taifa hilohilo likiwa halaiki ni janga. Afadhali ya hapo ni kwamba kila linapogeuka halaiki upya, kiwango cha juu cha vikosi linavyoweza kupata hushuka. Halaiki ya kwanza ndiyo nzito. Ukiimaliza nguvu, ya pili inabebeka.

Jinsi ya kuipiga: usitoke kwenda uwandani kukutana na majeshi matatu kwa mpigo. Halaiki za nyikani zimejaa farasi, na farasi hapandi ngazi. Mji wenye ukuta wa mawe unawalazimisha wateremshe watu wao wachache wa miguu, wasukume minara na magogo ya kubomolea lango chini ya mishale yako. Vunja watu hao wa miguu kwanza. Wakiisha, wapanda farasi wote waliobaki nje hawana la kufanya zaidi ya kuzunguka. Ndani ya lango weka vikosi vya mikuki kwa umbo la nusu duara, mbali kidogo na lango, ili wanaoingia wakutane na mikuki pande tatu.

Njia ya pili ni usiku, na hapa nataka kukaa kidogo. Nyongeza imeleta mapigano ya usiku, na wengi huyachukulia kama pambo la mienge na mishale ya moto inayong'aa. Si pambo. Ni jenerali mwenye sifa ya kupigana usiku pekee anayeweza kuchagua kushambulia gizani, na jeshi jirani la adui haliwezi kuja kumsaidia mwenzake isipokuwa jenerali wake naye ana sifa hiyo. Fikiria majeshi matatu ya halaiki yamepiga kambi yamegusana, kila moja limejaa vikosi 20. Mchana, ukigusa moja yote matatu yanaingia uwanjani. Usiku, jenerali wako anashambulia lile lililo pembeni, na yale mengine mawili yanabaki kwenye ramani yakitazama. Zamu inayofuata unarudia. Jenerali mmoja wa aina hiyo ana thamani kuliko majeshi mawili. Mlinde, usimtangulize kwenye msukumo wa kwanza, na usiachie kompyuta iamue pigano lake hata kama uwezekano wa kushinda unaonekana mkubwa, kwa sababu majenerali hufa humo bila wewe kuona.

Mito nayo imebadilika. Zamani ulisimamisha vikosi viwili vya mikuki kwenye mdomo wa daraja, ukaweka wapiga mishale nyuma, ukalishinda jeshi lolote. Sasa baadhi ya vikosi vyepesi huogelea. Adui akiwa navyo, atavusha watu pembeni huku macho yako yako darajani. Weka kikosi kimoja cha farasi kila upande wa daraja, nyuma kidogo ya ukingo, na uwapige waogeleaji wakiwa bado wanapanda kutoka majini, kabla hawajajipanga. Kikosi kimoja kinatosha kila upande. Kuweka zaidi ni kudhoofisha daraja.

Maumbo mawili mapya, ukuta wa ngao na duara la mikuki, yanatofautiana sana kwa manufaa. Ukuta wa ngao ni mzuri wa kushikilia mstari. Duara la mikuki lina nguvu iliyopita kiasi: kikosi kinageuka mduara wenye mikuki pande zote, hakuna ubavu wala mgongo wa kushambuliwa, na wapanda farasi wa kompyuta wanajirusha humo mpaka waishe. Ukilitumia kila pigano, utashinda na utachoka na gemu. Adui anayejua, yaani binadamu, ataleta wapiga mishale, na watu waliosongamana wasiosogea ni shabaha rahisi. Mimi ningekushauri ulitumie kama dharura tu, kikosi kinapozungukwa.

Kucheza upande wa wahamaji ni gemu nyingine kabisa. Ukiwa Wahunni, mji unaouteka una maamuzi mapya: kuupora na kuondoka, au kutulia. Kupora kunajaza hazina na halaiki inaendelea kuishi bila mishahara. Kutulia kunamaliza faida hiyo, kwa hiyo chagua mji wa kukaa kwa makini: wenye bandari, wenye ardhi nzuri, uliozungukwa na majirani uliokwisha kuwavunja. Wanaotulia kwenye mji wa kwanza waliouona huishia na kijiji cha nyikani kisichoweza kulisha hata vikosi vitano.

Kwenye mipangilio ya kampeni hiyo, ondoa kikomo cha muda wa pigano. Muda ukiisha, anayeshambulia huhesabiwa ameshindwa, na jeshi la wapiga mishale juu ya farasi hushinda taratibu: kukaribia, kurusha, kukimbia, kurudi. Dakika zitakwisha adui akiwa amebaki nusu. Epuka pia kujibizana mishale na wapiga mishale wa miguu. Wao ni wengi zaidi kwa kikosi na kila mmoja ni shabaha ndogo kuliko mtu na farasi wake. Wavamie kwa wapanda farasi wa mapigano ya karibu, kisha wapiga mishale wako wa farasi wawamalize wenye mikuki polepole.

Kuhusu ugumu, weka kampeni juu kadiri unavyotaka, lakini mapigano yaache kwenye kiwango cha kati. Viwango vya juu vya pigano havimpi adui akili. Vinawaongezea askari wake nguvu, na matokeo yake mbinu nzuri zinaadhibiwa bila sababu.

Nyongeza haikugusa kila kitu. Diplomasia imebaki dhaifu: mshirika wa miaka mingi anaweza kuzingira mji wako bila faida yoyote anayopata. Askari juu ya kuta bado hupotea njia, hasa ukiwaagiza kundi zima kwa pamoja; waagize kikosi kimoja kimoja na usubiri wafike. Jenerali wa kompyuta bado hukimbilia mikuki akiwa peke yake. Kama mambo hayo ndiyo yaliyokufanya uiache gemu mama, usinunue. Vilevile kama ulichopenda ni majeshi ya Kirumi ya zama za Kaisari, yale ya ngao ndefu na mikuki ya kurusha, utakuta Warumi hawa wa karne ya 4 ni wa sura nyingine.

Anayeanza asichukue Magharibi kwanza, ingawa nimeisifu. Wasasani wa Uajemi ni laini zaidi: mpaka mmoja wa hatari, wapanda farasi wazito wa kutisha, dini moja. Roma ya Mashariki inafuata, yenye Konstantinopoli na mapato ya kutosha kukuvumilia ukikosea. Baada ya hapo cheza halaiki, ujifunze inavyofikiri kutoka ndani. Ukirudi Magharibi utajua cha kuogopa. Kuna pande kumi za kuchezwa, kwa hiyo nafasi ya kujaribu ipo tele.

Nyongeza ya pili, Alexander ya mwaka 2006, ni nyembamba. Unacheza Makedonia pekee, kuanzia mwaka 336 KK, na unapewa zamu 100 kuteka majimbo 30. Piga hesabu: ni jimbo moja kila zamu tatu na kitu, pamoja na mwendo wa kutoka Ugiriki hadi mipaka ya Uhindi. Hakuna ujumbe wa amani, hakuna washirika. Kila uliyekutana naye ni adui. Aleksanda akifa, kampeni imekwisha hapohapo. Ujenzi wa miji karibu hauna maana, kwa kuwa jengo la zamu tano limekula sehemu ya ishirini ya muda wako wote. Kinachofanya kazi ni majeshi mawili yanayosonga kwa pamoja, moja la Aleksanda na moja la nyuma linalokusanya mamluki na kuacha walinzi njiani. Wanaokwama hukwama kwa kuzingira: wanasubiri mji ufe njaa. Mji wa Tiro wa kihistoria ulimchukua Aleksanda miezi saba mwaka 332 KK, lakini wewe huna nafasi hiyo. Jenga minara zamu ya kwanza, shambulia inayofuata.

Yako pia mapigano sita ya kihistoria yanayofunguliwa moja baada ya jingine, na Gaugamela ndilo la kukaa nalo. Sarisa za Makedonia, mikuki ya karibu mita 5 au zaidi, zinashikilia katikati. Ubavu wa kushoto unavunjika polepole. Na wewe una dakika chache za kupata upenyo wa kupitisha farasi kwa umbo la kabari kuelekea alipo Dario, mfalme wa Uajemi. Ni pigano zuri mno. Ila ukiniuliza kama Alexander inafaa kununuliwa peke yake, nasema hapana, isipokuwa unapenda mbio za muda. Haina kampeni ya pili ndani yake. Ukishaimaliza mara moja, umeshaiona.

Waliohamia Total War: Rome II ya mwaka 2013 wana soko gumu zaidi, kwa sababu nyongeza zake ni nyingi na hazilingani. Zipo pakiti za kampeni, na zipo pakiti zinazoongeza mataifa au damu tu kwenye ramani uliyo nayo. Kwa kipimo kilekile cha kubadilisha swali, Empire Divided ndiyo iliyo karibu zaidi na Barbarian Invasion: inaanza mwaka 270 BK, mfalme Aureliano akijaribu kuiunganisha himaya iliyopasuka vipande vitatu, na inaleta ujambazi, tauni na imani mpya za kushughulikia. Kabla ya kulipa, angalia pia kilichokwisha kuwa cha bure. Toleo la Emperor Edition la mwaka 2014 lilikuja bila malipo kwa waliokuwa na gemu, pamoja na kampeni ya Augusto. Mti wa familia, ambao wengi walikuwa wanaulilia, uliongezwa kwa sasisho la bure mwaka 2018. Watu wamewahi kununua pakiti ya mataifa wakidhani ndiyo iliyoleta mti huo, kwa kuwa vilitoka wakati mmoja.

Kwa Barbarian Invasion yenyewe, namna ya kuipata inategemea chombo chako. Rome Remastered ya mwaka 2021 inakuja na nyongeza zote mbili ndani, kwa hiyo mwenye hiyo hana cha kuongeza. Kwenye simu na tableti, Barbarian Invasion ni programu inayojitegemea na haihitaji gemu mama. Ramani ya kampeni inachezeka vizuri kwa vidole, ila mapigano makubwa kwenye kioo kidogo yanahitaji kusimamisha saa kila mara ili utoe amri. Huko hakuna modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki.

Kwenye kompyuta, modi ni sababu nyingine ya kuwa nayo. Modi kama Invasio Barbarorum zimejengwa juu ya nyongeza hii moja kwa moja, na Europa Barbarorum, iliyo ya zama za kabla yake, inaweza kuendeshwa kwa faili ya kuanzishia ya Barbarian Invasion au ya Alexander ili ipate mambo ya injini mpya, yakiwemo mapigano ya usiku. Kabla ya kuweka modi yoyote, soma inataka toleo gani: gemu mama ni 1.5, Barbarian Invasion 1.6, Alexander 1.9. Kulikosea ndicho chanzo cha kawaida cha gemu kujifunga kwenye ukurasa wa kupakia. Nakili folda nzima ya gemu mahali pengine, weka modi kwenye nakala, na kampeni uliyoianza kwa faili moja ya kuanzishia imalizie kwa hiyohiyo.